Hukutaja Jina, Ulitaja Mto

Rangi: Haloo... nani mwenzangu?

Mama: Ni mimi.

Rangi: Mimi nani? Namba ngeni hii. Kama ni lile bango la duka la viatu, bosi, rangi bado mbichi, ukilibeba leo utaondoka na vidole—

Mama: Mama yako.

Rangi: [anakohoa] Aa! Bi mkubwa! Shikamoo mama.

Mama: Marahaba. Umelala mpaka jua hili?

Rangi: Sijalala, nimejinyoosha tu. Niko hapa karakanani, juu ya maturubai. Mbona unapiga na namba ya watu?

Mama: Ya kwangu nimekupigia tangu asubuhi mpaka imezima. Hii ni ya mpangaji wa chumba cha uani. Kanionya mapema salio si la kupigia hadithi.

Rangi: Nisamehe. Jana simu zilikusanywa mlangoni, nikaizima sauti, nikasahau. Lakini afadhali umepiga! Mama, jana nimeua!

Mama: Umeua nini?

Rangi: [anacheka] Mama nawe! Nimewamaliza watu. Wamesimama, wamepiga makofi mpaka mwenye baa akaacha kumimina. Mwanao nimeacha gumzo.

Mama: Gumzo nimelisikia.

Rangi: Eeh? Limeshafika huko? Haki ya Mungu mji huu una masikio!

Mama: Ulikuwa wapi hasa?

Rangi: Kule kwenye magereji ya zamani, nyuma ya kiwanda cha magodoro kilichofungwa. Unapajua.

Mama: Napajua pakiwa na mafundi. Sasa hivi sipajui.

Rangi: Siku hizi ndiko kwenye moto wote. Kila gereji ni baa, na kila baa ina kazi yake. Moja wanapiga magitaa, moja wanachonga vinyago huku wanakunywa, moja wanaonyesha filamu zao ukutani. Ile ya kwetu ndiyo ya mwisho, yenye ukuta niliouchora mimi. Viti ni matairi na mabenchi, taa wamezitengeneza kwa machujio ya jikoni. Ukiingia unaacha simu kwenye kikapu. Hakuna kupiga picha, hakuna kurekodi. Kinachosemwa ndani kinabaki ndani.

Mama: Kinabaki ndani.

Rangi: Ndiyo sheria. Na uzuri wake, mama, hakuna wageni. Hakuna wale wa kuja na kamera kutushangaa. Ni sisi kwa sisi. Mafundi, walimu, madereva, wauguzi wakitoka zamu. Hata msusi wenu wa hapo njiapanda alikuwepo! Alikaa karibu na dirisha. Alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akalia.

Mama: [kimya]

Rangi: Mama? Upo?

Mama: Nipo. Endelea.

Rangi: Sasa katikati wameweka kiti. Kiti cha kinyozi, kile cha zamani cha kuzunguka, ngozi imechanika. Ukikikalia lazima useme jambo la kwenu nyumbani. La kweli. Ukidanganya watu wanajua, wanakuzungusha kwa mguu mpaka unashuka. Sharti lingine ni moja tu, usitaje jina la mtu.

Mama: Na wewe ukakikalia.

Rangi: Nikakikalia. Wiki ngapi walikuwa wananisukuma, mchoraji panda, mchoraji panda! Jana nikapanda.

Mama: Ukasema nini?

Rangi: Aah... mambo ya maisha.

Mama: Maisha ya nani?

Rangi: Ya watu tu.

Mama: Watu hao wanashona mito?

[mtandao unakwaruza]

Rangi: Haloo? Mama, sauti inakatika—

Mama: Haikatiki. Nakusikia mpaka unavyopumua.

Rangi: Haloo?

Mama: Rangi, mimi nimekuzaa. Usiniletee haloo.

Rangi: Nani kakwambia?

Mama: Hilo ndilo unaloliuliza kwanza?

Rangi: Sikutaja jina, mama. Naapa. Sikusema mama yangu, sikusema mdogo wangu. Nilisema "mwanamke mmoja." Nikasema "msichana mmoja wa shule."

Mama: Hukutaja jina, ulitaja mto.

Rangi: Mto ni mto! Kila nyumba ina mto!

Mama: Kila nyumba ina mto wa kulalia. Mto ulioshonewa kamba mbili za kufungia mgongoni, ukajazwa vitambaa vya cherehani, uko kwenye nyumba moja. Ulisema vitambaa?

Rangi: Nilisema... nilisema kila mwezi ukiingia kijana wa nyumba anaongeza vitambaa.

Mama: Ulisema kwaya?

Rangi: Mama—

Mama: Ulisema kwaya?

Rangi: Nilisema siku moja wanaimba, mto ukateleza, ukaenda upande. Mwimbaji wa nyuma akamnong'oneza, "Dada, mtoto amekaa vibaya, nenda kakandwe."

Mama: Na mimi nikasema nini?

Rangi: Ukasema, "Mvivu huyu, anapenda kulala." Hapo ndipo walipocheka kuliko pote.

Mama: Walicheka.

Rangi: Siyo cheko la ubaya, mama.

Mama: Huyo mwimbaji wa nyuma unamjua ni nani?

Rangi: Simkumbuki. Ilikuwa zamani.

Mama: Mama yake msusi.

Rangi: Aisee.

Mama: Sasa nisikilize, na usinikate. Asubuhi nimemtuma mtoto wetu Kitinda akasukwe. Shule inafunguliwa keshokutwa. Amekaa chini, kichwa magotoni mwa msusi, kama siku zote. Saluni imejaa. Msusi bado ana furaha yake ya jana, anawasimulia wateja. "Jamani, kuna kijana kapanda kile kiti, katuvunja mbavu, eti mwanamke kavaa mto miezi yote binti yake asifukuzwe shule, mtoto alipozaliwa akamwita wake." Hajui kijana mwenyewe ni nani, hizo ndevu zako zimekuficha. Anasuka na anasimulia, anasuka na anasimulia. Amefika kwenye kwaya. Mama yake yuko pale pembeni anachambua mchele. Kaacha mchele. Akasema, "Hee! Maneno hayo si nilimwambia mama Rangi?"

Rangi: Mbele ya mtoto?

Mama: Juu ya kichwa cha mtoto! Kichwa wamekishika mikononi!

Rangi: Labda hakuelewa. Yuko darasa la pili, mama, yule—

Mama: Amerudi mbio. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Hakusema shikamoo. Amepita moja kwa moja chumbani, amefungua kabati, ametoa mto.

Rangi: Hukuutupa?

Mama: Ningeutupaje? Ule mto ulimrudisha mdogo wako darasani. Mwalimu mkuu alinipisha kiti, akaniambia "Kaa mama, hali yako hiyo," na binti mwenye hali yuko kwa mama yake mdogo huko anachota maji na tumbo lake. Baba yako, Mungu amrehemu, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alinifunga zile kamba. Mtu mzima, mikono imezoea kubeba saruji, anafunga fundo polepole kama anafunga kiatu cha mtoto. Hakuwahi kucheka. Hata siku moja. Hilo pia ulilisema?

Rangi: Mama...

Mama: Ulimweka baba yako kwenye kiti cha kinyozi?

Rangi: Hapo hawakucheka, mama. Hapo walinyamaza. Kuna mwanamke alinifuata baadaye, akanishika mkono, akaniambia na yeye kwao ni hivyo hivyo, hajawahi kumwambia mtu. Alilia begani kwangu. Unadhani nilipanda pale nikutukane? Nilipanda kwa sababu ni kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Ulichofanya wewe na baba.

Mama: Kama ni kizuri, mbona hukunisimulia mimi?

Rangi: Nikusimulie wewe? [anacheka kidogo, bila furaha] Mama. Kila nikilianza uliniambia nini?

Mama: Nini?

Rangi: "Kula." Ndevu hazijaniota, najaza mto wa mama yangu usiku ili watu waone tumbo linakua. Rafiki zangu siwakaribishi ndani. Nilipigana shuleni mpaka jino likatoka, mtu kasema mama yako mzee anazaa, na siwezi kumjibu. Nakuja kwako, nasema mama, hili jambo... Unanisogezea sahani. "Kula." Baba kafa, nikasema sasa tuongee. "Kula, mwanangu." Nimeshiba, mama! Nimeshiba mpaka hapa!

Mama: Usinipigie kelele kwenye simu ya mtu.

Rangi: Samahani.

Mama: Siri ya mtungi aijuaye kata. Tulikuwa kata nne katika nyumba ile. Moja imekufa na siri yake. Moja inauza dawa dukani na inatabasamu kwa wateja. Moja ni mimi. Wewe ukaona uchovu wako ndio mkubwa kuliko wetu wote.

Rangi: Sikusema mkubwa.

Mama: Siri hii haikuwa yako peke yako. Ungekuwa na jambo lako, jipu lako, ugonjwa wako, nenda kalitoe hadharani, wakupigie makofi mpaka mikono iwaume. Hili ni la mtoto. Lilikuwa lake kabla ya kuwa lako. Na yeye ndiye hakuwa amelisikia.

Rangi: Mlikuwa mtamwambia lini?

Mama: Mdogo wako alishapanga. Alisema likizo hii, kabla shule haijafunguliwa. Amenunua kitambaa, anataka wakae wawili, washone gauni, na wakiwa wanashona amwambie. Kidogo kidogo. Kesho, Rangi. Ilikuwa iwe kesho.

[mtandao unakwaruza]

Rangi: ...sikujua. Hamkuniambia.

Mama: Ungeuliza.

Rangi: Yeye anajua? Mdogo wangu?

Mama: Yuko kazini, hajui. Anatoka jioni. Anapita njiapanda kama kila siku, pale pale saluni. Unafikiri wale wanawake watamwacha apite? Wengine watamwambia pole, na hiyo pole itakuwa mbaya kuliko tusi.

Rangi: Mpigie simu apite njia nyingine.

Mama: Nimwambie apite wapi? Mtaa mzima ni njia moja.

Rangi: Kule ndani tuliahidiana. Wote tuliahidiana! Kinachosemwa ndani—

Mama: Nani alimuahidi nani? Mtu anakwenda kunywa, anacheka, anarudi nyumbani na mdomo wake. Kikapu kimeshika simu, hakikushika midomo. Na unajisifu, sisi kwa sisi, hakuna wageni. Mwanangu, ungewasimulia wageni nisingelia! Wageni wangecheka, wakapanda ndege, wakaenda na mto wangu ng'ambo, wala nisingejua. Umewasimulia wanaonijua hata kwa mgongo. Waambie na wenzako wanaogombania hicho kiti. Waangalie kwanza nani amekaa karibu na dirisha, halafu wafumbue mdomo.

Rangi: Umenichoma, mama.

Mama: Sijaanza.

Rangi: Yuko wapi sasa? Kitinda?

Mama: Amekaa kizingitini. Mto ameuvaa chini ya gauni. Kamba zimemshinda kufunga, kazishika kwa mikono nyuma. Watoto wa jirani wamekuja kumchungulia, nimewafukuza.

Rangi: Amesema nini?

Mama: Jambo moja. Amenifunulia mto, ameniuliza, "Mimi nilikuwa humu?"

Rangi: Ukamjibu nini?

Mama: [kimya]

Rangi: Mama, ukamjibu nini?

Mama: Nikamwambia ale.

Rangi: Ale?

Mama: Ndiyo. Nilimwambia ale. Hajala.

Rangi: Mama...

Mama: Njoo nyumbani.

Rangi: Naja.

Mama: Njoo sasa hivi, kabla mdogo wako hajatoka kazini. Ukamsubiri pale mlangoni pa duka la dawa, umwambie kwa mdomo wako, mje naye pamoja, mkae na mtoto. Mimi sina maneno. Wewe ndiye mwenye maneno, watu wamesimama kukushangilia.

Rangi: Sasa hivi...

Mama: Nini?

Rangi: Siyo kwamba sitaki. Leo kuna... wameniomba nirudie. Kuna watu wa jumba la maonyesho wanakuja leo hii jioni kunisikiliza mimi. Mimi, mama! Wanataka waifanye mchezo wa jukwaani. Nimechora mabango barabara zote za mji huu, hakuna aliyewahi kuja kunitazama mimi. Bango limeshatundikwa nje. Nimelichora mwenyewe alfajiri, nikitoka pale.

Mama: Umeandika nini kwenye bango?

Rangi: Jina la mchezo tu.

Mama: Rangi. Umeandika nini?

Rangi: "Mama wa Mto."

Mama: Yesu wangu.

Rangi: Nitalishusha! Nitalipaka juu! Nitabadilisha, nitasema ni boksi, nitasema ni jirani, kwaya nitaitoa yote. Naipiga haraka haraka halafu naruka bodaboda nakuja. Usiku niko hapo. Mama, usiku tu—

Mama: Hata ukiufanya gunia, wataujua.

Rangi: Sikia basi—

Mama: Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Mimi nguoni nilikuwa na mto tu, nikadhani niko salama. Kumbe nilipaswa kumwangalia aliyekuwa anaujaza.

Rangi: Mama, usiseme hivyo. Tafadhali.

Mama: Nimeshasema. Maneno yakitoka hayarudi, wewe ndiye wa kunifundisha leo.

[mlio wa salio]

Rangi: Nini hiyo?

Mama: Salio la mpangaji. Subiri... subiri kidogo. Amekuja hapa.

Rangi: Nani? Kitinda?

Mama: Nini, mama? ...Simu. Naongea na simu. ...Anauliza ni nani.

Rangi: Mwambie ni kaka. Mwambie kaka anamsalimu, nitamletea zile rangi za maji, zile—

Mama: Ni kaka, mama. Ni kaka yako Rangi. ...Eti?

Rangi: Anasemaje?

Mama: [sauti chini] Anauliza ni kaka au ni mjomba.

[mtandao unakwaruza]

Rangi: ...

Mama: Mjibu. Amesimama hapa, ananitazama mdomo.

Rangi: Mama, mimi—

Mama: Mjibu, salio linakwisha!

Rangi: Mwambie nakuja. Mwambie nakuja sasa hivi, nafunga karakana, nakuja, mwambie—

Mama: Hajauliza kama unakuja. Ameuliza—

[simu inakatika]

Rangi: Haloo? Mama? ...Mama, nisikie, bango nitali— ...Haloo? ...Kitinda?